Chakula cha Mchana cha Esta

Rozalia aliligeuza kapu la unga, akalipigapiga kwa kiganja, na kilichodondoka hakikutosha uji wa mtoto mmoja. Yeye alikuwa nao watatu. Ilikuwa Alhamisi ya tatu ya Februari, na kila mtu wa Ipogolo anajua Februari ni mwezi gani. Mahindi ya mwaka jana yamekwisha, ya mwaka huu yanaota ndevu tu shambani, na mvua inanyesha kama haina habari kwamba watu wana njaa.

Wadogo wawili aliweza kuwadanganya kwa kiporo cha majani ya maboga. Aliyemsumbua ni Esta, binti yake mkubwa, aliyekuwa darasa la nne. Shule ya misheni ya Waluteri ilikuwa mjini, juu ya mlima, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu ya mtoto, nayo ilikuwa na sheria yake. Mwanafunzi anayetoka mbali aje na chakula chake cha mchana, na saa sita mwalimu wa zamu atapita kukikagua. Asiye na chakula anarudishwa nyumbani siku hiyo hiyo, eti asije akazimia darasani misheni ikalaumiwa. Akirudishwa mara tatu katika mwaka, jina lake linafutwa. Sheria hiyo ilitungwa na watu walioshiba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wala hakuna aliyewaeleza kwamba mtoto anayekuja shule mikono mitupu ndiye yule yule ambaye nyumbani kwao hakuna cha kurudia.

Esta alikwisha kurudishwa mara mbili.

Si kwamba mama yake alikuwa mzembe. Katika nyumba sita za wafanyakazi wa tanuri la matofali la misheni, hapakuwa na mwanamke aliyejua kufunga chakula cha shule kama Rozalia. Jumatatu alikuwa akifunga viazi vitamu na karanga za kutwanga. Jumanne kande. Jumatano vipande vya boga, na mbegu zake zimekaangwa kwa chumvi na kufungwa peke yake katika jani dogo. Siku nyingine ugali wa ulezi aliofinyanga vidonge vidonge, na uyoga ndani yake. Mvua za kwanza ziliposhusha kumbikumbi, aliwakaanga, akawachanganya na bisi. Vyote hivyo gharama yake ilikuwa chumvi ya senti kumi kwa juma. Watoto wa shule walikuwa wakimzunguka Esta kuuliza leo kaleta nini. Hata Bibie, binti wa Bwana Halfani mwenye duka la nguo mjini, aliyekuja kila siku na chapati na nyama, alimbembeleza wabadilishane. Rozalia alipoambiwa habari hiyo alicheka siku nzima, na jirani zake wakachoka kuisikia.

Lakini ufundi unataka kitu cha kufanyia ufundi. Alfajiri ile aliukusanya ule unga wa mwisho, akasonga tonge moja la ukubwa wa yai, akalitazama, akajua halitamvusha mtoto mlima ule kwenda na kurudi. Akajifunga khanga, akatoka mbio kwenda kwa Mzee Crispin.

Mzee Crispin alikuwa mgema wa ulanzi, na mianzi yake ilikuwa kando ya mto, nyuma ya tanuri. Alikwisha kushusha mbeta za usiku, vile vibomba vya mianzi vinavyokinga utomvu, naye alikuwa anamimina.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene, mama Esta. Umekuja mbio kama unafukuzwa. Kuna heri?"

"Heri ipi, baba? Nyumbani hakuna unga. Nipe mtogwa kidogo mtoto abebe shule. Baba yake akilipwa mwisho wa mwezi tutaonana."

"Mtogwa wa mtoto hauna malipo. Uliona wapi?"

Alisema kweli. Ulanzi ukitoka tu katika mwanzi huitwa mtogwa, ni mtamu kama maji ya sukari, na Uhehe nzima hunyweshwa watoto wachanga. Hakuna anayeuita pombe. Ukilala siku moja ndipo unapogeuka, na ukilala mbili unaangusha wanaume. Rozalia aliyajua hayo kabla ya kujua kusema. Na hakuwa peke yake pale asubuhi ile. Mke wa Mzee Eliezeri, mzee wa kanisa na msimamizi wa tanuri, alikuwa amesimama na sufuria yake akingoja ya wajukuu.

Shida ilikuwa chombo. Kwa wazazi wake Rozalia, Wakatoliki wa upande wa Tosamaganga, kulikuwa na kibuyu cha watoto ambacho ulanzi mkali haukutiwa kamwe, hata kama mgeni ni jumbe. Chachu hujificha ndani ya kibuyu, na ukimimina mtogwa humo, kazi ya siku moja inafanyika kwa saa chache. Lakini nyumba za misheni haziruhusiwi kuwa na kibuyu cha namna yoyote, kwa sababu ya pombe. Sufuria yake moja ilikuwa motoni.

"Chukua hiki changu," Mzee Crispin alisema, akampa kibuyu kidogo chenye shingo. "Kimesuuzwa."

Rozalia alikinusa. Akasita. Kulikuwa kunapambazuka, na Esta angechelewa kengele. Akasema moyoni kwamba mpaka saa sita hakitakuwa kimefanya kitu, akakipokea, akashukuru kwa mikono miwili. Mimi simlaumu. Nimeona wenye vyakula ndani wakikosea zaidi ya hapo.

*

Shuleni vyakula vyote viliwekwa nje, barazani, upande wa jua, ili visinuke darasani. Mvua ilikuwa imekatika na jua likawaka. Kibuyu kilikaa pale tangu saa moja na nusu mpaka saa sita.

Mwalimu Sedekia, mwalimu mkuu, ndiye aliyekuwa wa zamu. Alikuwa mwembamba, mpole, na alimpenda Esta kwa hesabu zake. Mwezi uliopita alimwambia baba yake kwamba mtihani wa Novemba ukifika, msichana huyu ataingia shule ya bweni, atakuwa mwalimu au muuguzi, na nyumba za tanuri hazijawahi kutoa mtu wa namna hiyo. Alilitazama tonge lile dogo, akatazama kibuyu.

"Hiki nini?"

"Mtogwa, Mwalimu."

"Umetoka leo?"

"Leo asubuhi, Mwalimu."

Akapita. Yeye pia alikuzwa kwa mtogwa.

Esta alilimega tonge mara nne likaisha. Kisha akanywa. Ulikuwa bado mtamu, ila ulimwasha puani, na tumbo lililokuwa tupu tangu jana lilipata joto. Bibie akasogea na chapati zake.

"Leo umeleta nini, shoga?"

"Maji ya mwanzi."

"Nionje, nami nikupe chapati nzima."

Chapati nzima! Esta aliisokota akaila kwa haraka ya aibu, huku Bibie akikigeuza kibuyu juu. Wakapokezana mpaka kikaisha.

Kengele ilipolia, Esta alicheka. Alicheka kwa sababu ubao ulikuwa unatembea. Watoto nao wakacheka. Bibie akaanza kuimba wimbo wa unyago aliousikia kwa shangazi zake, maneno yasiyofaa hata kwa mtu mzima, na alipofika katikati akakaa chini, akatapika juu ya gauni lake, akalala. Hapo hapakuwa na aliyecheka tena. Mwalimu Sedekia alikimbilia barazani, akakinusa kibuyu, na uso wake ukabadilika.

Bwana Halfani alifika kabla ya saa nane, pindo la kanzu ameshika mkononi, kofia imepinda.

"Mwalimu, mimi ni Mwislamu. Nimekuletea mtoto umfunze kusoma kwa kuwa hapa mjini shule ya wasichana ni hii. Astaghafirullah! Nimkute amelewa? Wamenyweshwa pombe, na wewe unatazama?"

"Bwana Halfani, ni bahati mbaya. Mtogwa umechacha..."

"Usinitajie majina yake! Mwanangu ni mlevi au si mlevi? Nani kamleta huyu mwenye kibuyu?"

Wote wakamtazama Esta. Alikuwa amejiegemeza ukutani, ulimi mzito, anajaribu kusimama wima kama mwanafunzi anavyosimama mbele ya mgeni, na anashindwa. Aliaibika mtoto yule. Hata katika kulewa aliaibika.

*

Habari mbaya haihitaji barua. Danieli Kalinga, baba yake Esta, alikuwa anapanga matofali mabichi tanurini kesho yake asubuhi wakati Mzee Eliezeri aliposhuka, akasimama mbali kidogo, mikono nyuma.

"Danieli, unajua sheria ya nyumba za misheni."

"Naijua, mzee."

"Pombe ikikutwa, mtu anaacha kazi na nyumba. Mimi sikuiandika."

"Lakini mzee, ule ulikuwa mtogwa. Hata nyumbani kwako..."

"Ya nyumbani kwangu yaache nyumbani kwangu," Mzee Eliezeri alisema upesi. Akaangalia huku na huku. Kisha akashusha sauti, na hapo alionekana kama mtu anayetaka kusaidia. "Kesho saa tatu baraza la wazee linakaa shuleni. Bwana Halfani atakuwepo, na misheni wanaogopa maneno. Mkeo alitoka Roma, kwa Wakatoliki, na wazee hawajasahau. Watasema kwao ulanzi si dhambi, ameingiza desturi zake. Ikionekana kibuyu kilitoka nyumbani, mimi siwezi kukuokoa. Ila kama kilitoka njiani, kama mtoto alijichukulia mwenyewe kwenye mianzi ya watu, hilo ni kosa la mtoto. Nyumba haina kosa."

Danieli alibaki ameshika tofali bichi mpaka likaharibika umbo mikononi mwake.

Alirudi nyumbani mchana, kitu ambacho hakukifanya siku za kazi. Esta alikuwa amejilaza kwenye jamvi, kichwa kinamgonga. Rozalia alimsikiliza mumewe mpaka mwisho bila kukatiza, na mwanamke yule akinyamaza hivyo ni vibaya.

"Unataka mtoto aseme kaiba?"

"Sitaki. Nakwambia alivyosema mzee."

"Mimi ndiye niliyekwenda kwa Crispin. Kwa miguu yangu hii. Nilikinusa kibuyu nikajua, nikakichukua. Kesho nitasema hivyo hivyo. Na nitasema mke wa Eliezeri alikuwepo na sufuria!"

"Sema. Halafu?"

"Halafu wajue!"

"Wakishajua, mama Esta, Jumatatu tunatoka hapa. Tunakwenda wapi? Kwa kaka yangu Ubaruku, watu watano, mwezi wa njaa, nikalime mpunga wa watu? Wadogo hawa utawalisha ufundi wako?" Danieli hakuwa mkali kwa kawaida, na maneno yale yalimuuma mwenyewe alipoyasikia. Akakaa kizingitini. "Mshahara unatoka wiki ijayo. Nikifukuzwa kabla yake, nao wataukata."

"Na shule yake?"

Danieli akaanza kukung'uta vumbi la matofali miguuni.

"Nakuuliza, baba Esta. Wakiambiwa mtoto ni mwizi na mlevi, shule yake itakuwaje?"

"Ukisema wewe, nayo itakuwaje? Huko Ubaruku atasoma wapi?"

Hiyo ndiyo shida ya maskini. Mara nyingi hasimami kati ya jema na baya, anasimama kati ya hasara na hasara, na bado watu watamwuliza kwa nini amechagua hivi. Rozalia alilia kwa hasira, akamtukana Eliezeri kwa Kihehe, akamtukana Halfani, akajitukana mwenyewe. Mwishowe alisema hataki kusikia tena neno lile ndani ya nyumba, kwamba kesho atasema kweli, na Mungu wa Waluteri na wa Wakatoliki ni mmoja, atajua pa kuwapeleka.

Esta alikuwa amefumba macho, lakini hakuwa amelala.

*

Baraza lilikaa katika darasa la nne. Wazee wanne walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni, na ingekuwa siku nyingine mtu angecheka. Bwana Halfani alipewa kiti cha mwalimu. Mwalimu Sedekia alisimama karibu na ubao, na kibuyu kilikuwa mezani. Danieli alikuwa amevaa koti lake la ibada. Rozalia alisimama nyuma ya bintiye.

Mzee Eliezeri alifungua kwa sala, akaomba hekima. Kisha akamwita Esta mbele.

"Esta binti Danieli. Kibuyu hiki unakijua?"

"Nakijua."

"Ulikuja nacho wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Tuambie mbele ya Mungu. Nani alikupa?"

Rozalia akapiga hatua moja. "Wazee wangu, naomba niseme..."

"Hakunipa mtu," Esta alisema kwa sauti kubwa kuliko aliyoikusudia. "Nilikikuta kwa Mzee Crispin nikipita. Yeye hakuwepo. Nikachukua."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na njaa."

Mwalimu Sedekia alikuwa anajua njia ya mtoto yule. Alijua haipiti kwenye mianzi, na alijua pia kwamba mtoto aliyesimama mbele yake ndiye aliyerudi mara mbili dukani msimu uliopita kupeleka senti tano za chenji zilizozidi. Akafungua mdomo, akamtazama Bwana Halfani, akawatazama wazee, akaufunga.

"Mama yake ana neno?" mzee mmoja aliuliza. "Alikuwa anataka kusema."

Esta aligeuka. Alimtazama mama yake tu, macho makavu, na akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu mzima anavyomkataza mtoto asiseme mbele ya wageni.

Rozalia alikuwa na maneno yote tayari. Aliyapanga usiku kucha: mianzi, sufuria ya mke wa Eliezeri, kapu la unga. Yalikuwa kooni. Akamwona Danieli na koti lake lililoisha viwiko, akawaona wadogo wawili walioachwa kwa jirani. Akameza.

"Sina neno," alisema.

Mzee Eliezeri alikuwa anatazama kofia yake magotini. Aliendelea kuitazama alipokuwa akisoma uamuzi, ambao ulikwisha kuandikwa. Mwanafunzi ameiba na amemnywesha mwenzake pombe. Jina linafutwa leo. Nyumba ya Danieli Kalinga haina hatia, ila baba ajifunze kuchunga watoto wake. Kibuyu kivunjwe.

Bwana Halfani ndiye aliyeshtuka. Alikuja akitaka adhabu, na sasa alipoiona ilikuwa kubwa kuliko alivyoifikiria.

"Basi mmfukuze moja kwa moja?" aliuliza. "Mtoto kasema alikuwa na njaa. Mchapeni, akae shule. Mimi mwenyewe nimekwisha samehe."

"Sheria ni sheria, Bwana Halfani," alisema Mzee Eliezeri. "Na wewe ndiye uliyelalamika."

Mwalimu Sedekia alichukua daftari la mahudhurio. Ilibidi apige mstari mbele ya baraza. Aliupiga kwa rula, taratibu, kisha akamwambia Esta arudishe kitabu cha kusoma, kwa kuwa ni mali ya shule. Esta alikitoa mkobani, akanyoosha pembe ya jalada iliyokunjika, akakiweka mezani kwa mikono miwili.

"Asante, Mwalimu."

Mwalimu Sedekia alitoka nje na hakurudi mpaka watu walipoondoka.

Waliteremka mlima watatu, mmoja nyuma ya mwenzake. Danieli alijaribu kusema kitu mara mbili. Mara ya tatu alisema, "Mwanangu, nitakulipa." Esta akamjibu, "Haya, baba," kwa adabu, na hilo lilimkata Danieli kuliko kama angemlaumu.

*

Mshahara ulitoka wiki iliyofuata, haukukatwa hata senti. Danieli akanunua unga pishi mbili, maharage, na kipande cha nyama ambacho hakuna aliyemwomba.

Jumatatu iliyofuata saa sita Rozalia akapakua. Wadogo waliingiza mikono kabla ya kunawa, akawagomba. Esta alinawa, akakaa jamvini, akala. Alikula vizuri, matonge makubwa, akamaliza mchuzi. Kilikuwa chakula cha moto, kwa mara ya kwanza siku ya Jumatatu ya shule, yenye kengele, tangu aingie darasa la kwanza, na mama yake alikaa akimtazama anavyotafuna, yeye mwenyewe bila kula.

"Umeshiba, mwanangu?"

"Nimeshiba, mama."

"Niongeze?"

"Usiongeze." Esta alikusanya sahani, moja juu ya nyingine, akasimama mlangoni kwanza, jua likimpiga usoni. "Mama, baada ya hapa mtu anafanya nini mpaka jioni?"

Rozalia akamwambia kuna kuni, na kuna maji, na kesho yake pia kuna kuni na maji.